Kupimwa namba ya miwani sio kupimwa macho, tuelewane hapa

Mleta uzi

Wakuu habari zenu.

Kila nikikaa na watu wanaovaa miwani naona kuna kitu kimoja tunakichanganya na kinatugharimu macho kabisa. Mtu anaanza kuona ukungu, anaenda pale wanapouza miwani, anaweka kidevu kwenye kile kimashine, anaangalia kapicha ka nyumba au puto kwa mbali, sekunde chache karatasi inatoka na namba, anachagua fremu, anaondoka akijua amepimwa macho. Hapana. Amepimwa namba ya lenzi. Macho yenyewe hakuna aliyeyaangalia.

Namba inakwambia mwanga unatua wapi ndani ya jicho, basi. Jicho likiwa refu kuliko inavyotakiwa picha inatua mbele ya retina (ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea picha), hao ndo wasioona mbali, wanapewa namba hasi. Jicho likiwa fupi ni kinyume chake, namba chanya. Konea (ule utando angavu wa mbele ya jicho) ikiwa haijapinda sawasawa pande zote maandishi yanatoka na vivuli, hiyo ni astigimatizimu. Alafu ile ya umri, ukifika arobaini na kitu lenzi ya ndani ya jicho inazidi kuwa ngumu, haibadiliki umbo kirahisi kama zamani, unajikuta unasogeza simu mbali ndo usome. Hayo manne yanarekebishwa na miwani na hayo ndo tunayopimwa.

Sasa presha ya macho haimo humo (ule ugonjwa unaoitwa glakoma, usichanganye na presha ya damu, ni vitu viwili tofauti). Uharibifu wa kisukari nyuma ya jicho haumo. Retina inayoanza kuchanika haimo. Presha ya macho ndo inayoniuma zaidi kwa sababu aina yake ya kawaida haiumi, haiwashi, haina wekundu, inaua mshipa wa fahamu wa jicho polepole na kuona kunapotea kuanzia pembeni, kama mkeka unaoliwa na mchwa kutoka kingo huku katikati bado pazima. Kwa hiyo mtu anasoma herufi zote kwenye ubao, anaambiwa uko vizuri, anabadilishiwa miwani, mwaka unapita. Mjomba wangu ndo alivyokuwa, miwani kila mara anabadilisha, hadi alipoanza kugonga miimo ya milango na kukanyaga watoto waliokaa pembeni yake ndo akatumwa kwa daktari bingwa, jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Kilichokwenda kwenye ugonjwa huo hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji. Anaweka matone kila siku ili lililobaki libaki.

Kwa hiyo ukienda, sema hivi: nataka nipimwe macho yote, sio namba tu. Wakupime kila jicho peke yake, wakupime presha ya jicho, waangalie mbele kwa ile darubini yenye taa, alafu waangalie nyuma, mshipa na retina, ikibidi kwa matone ya kutanua mboni. Yale matone yatakufanya uone ukungu na mwanga ukuumize kwa masaa kadhaa, usiende umeendesha gari. Na presha peke yake haitoshi. Kawaida inakuwa kati ya 10 na 21, lakini kuna watu wako ndani ya hapo na mshipa wao unakufa, na wengine wako juu kidogo na mshipa mzima. Ndo maana mshipa lazima uonwe na mtu.

Umefika arobaini? Nenda hata kama unaona vizuri. Mzazi au ndugu wa damu ana presha ya macho? Usingoje arobaini, na watu wenye asili ya Afrika wanaipata mapema zaidi na inawapiga vibaya zaidi kuliko wengi. Una kisukari? Kila mwaka, nyuma ya jicho, bila kukosa.

Karibuni tuulizane.

Kipanga wa Usiku

Mkuu umeandika vizuri ila mi naomba kuuliza kitu kinachonizuia siku zote, nasikia ukianza kuvaa miwani macho yanaizoea alafu yanazidi kufa, sasa mi nina hasi ndogo tu naona bora nivumilie kuliko nijitie kwenye utumwa wa kubadilisha namba kila mara

Mleta uzi

Ndugu yangu hilo naomba ulitoe kichwani. Miwani haiozeshi jicho. Namba za vijana hupanda kwa sababu jicho lenyewe bado linakua na kurefuka, lingerefuka hata bila miwani. Ushawahi kufanyika utafiti wa kuwapa watoto wasioona mbali namba pungufu makusudi, wakidhani watapunguza kasi, haikusaidia, na kuna ambapo walizidi wale waliopewa namba kamili.

Ile hali ya kuvua miwani na kuona dunia imekuwa mbaya kuliko mwanzo inatokana na ubongo kushaonja picha safi. Ukungu ni ule ule, sasa hivi unaujua tu. Ukiwa mtu mzima ukavumilia bila miwani hutaliua jicho, lakini utaumwa kichwa, utachoka, na usiku barabarani utakuwa hatari kwa wengine. Hasi 1.00 tu maana yake kuanzia mita moja kwenda mbele kila kitu kinaanza kupata ukungu. Fikiria unaendesha hivyo.

Mama Wawili

Shikamoo kama ni mkubwa kwangu. Mwanangu wa pili ana miaka mitano, jicho la kushoto linaingia ndani akichoka, wifi yangu ananiambia atakua nalo litanyooka lenyewe. Na wa kwanza ana miaka tisa anakaa anabusu tivii. Nianze na nani?

Mleta uzi

Marahaba mama, wote wawili, ila huyo mdogo usimcheleweshe hata wiki. Jicho linaloingia ndani ubongo unaweza kuliacha, unatumia moja tu, lile lingine linabaki vivu. Jicho vivu unalirudisha mtoto akiwa mdogo, kwa miwani, kwa kuziba lile zima masaa kadhaa kwa siku, na kadiri anavyovuka miaka saba nane kazi inazidi kuwa ngumu na matokeo yanapungua. Usimpige wifi yako vita, mwambie tu umeshauriwa tofauti. Na kuna watoto makengeza yao yanatokana na namba chanya kubwa, akivaa miwani jicho linanyooka bila kisu.

Watoto wapimwe kwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, hili lisisitize. Mtoto ana nguvu ya kukaza jicho kiasi kwamba kile kimashine anakidanganya bila kujua, anapewa namba hasi ambayo sio yake.

Huyo wa miaka tisa mpeleke, na mtoe nje. Mwanga wa nje, kama masaa mawili kwa siku, umeonekana kwenye tafiti za watoto wa Asia Mashariki kupunguza wanaoanza kutoona mbali. Akishaanza na namba zikawa zinakimbia kuna matone ya atropini yaliyopunguzwa nguvu sana na kuna lenzi maalumu za kupunguza kasi, hayo muulize daktari wa macho ya watoto.

Kitu kingine kwa wazazi wote humu. Ukipiga picha kwa flashi mboni ya mtoto ikatoka nyeupe badala ya nyekundu au nyeusi, na ikirudia, peleka mtoto kwa daktari wa macho kesho yake. Mara nyingi ni mambo madogo, ila mojawapo ya sababu zake ni saratani ya retina, na ikiwahiwa mtoto anapona.

Fundi Saa

Mi sikubaliani sana na huu utegemezi wa miwani. Kuna mazoezi ya macho, unazungusha, unaangalia kidole karibu na mbali, na kuna ile miwani myeusi yenye vitundu nimewahi kuijaribu NILIONA VIZURI kabisa bila namba. Hawa watu wanataka kuuza miwani tu

Mpima Macho

Naingia hapa kwa sababu hii ndo kazi yangu kila siku. Fundi Saa hujadanganya, uliona vizuri kweli. Toboa katundu kadogo kwenye karatasi ngumu kwa ncha ya sindano, ziba jicho moja, angalia maandishi ya mbali kupitia hapo. Katundu kanakata miale inayoingia kwa pembeni, inabaki ile ya katikati ambayo haihitaji kupindishwa, picha inasafika. Lakini ukitoa karatasi jicho limebaki na urefu wake ule ule. Halijatibiwa.

Sisi tunalitumia hilo kupima. Mtu haoni vizuri, tunampa katundu, akiona vizuri zaidi tunajua tatizo ni la lenzi na miwani itamsaidia. Akibaki pale pale au akaona vibaya zaidi tunajua kuna kitu ndani, tunamtafutia mtoto wa jicho, retina, mshipa. Kwa hiyo kikaratasi chako ni kizuri kuliko ulivyofikiri, ila kwa kazi nyingine.

Mazoezi yapo yanayosaidia, mfano wale ambao macho yao yanashindwa kukutana wakisoma karibu. Hao wanapangiwa mazoezi na wanapona. Kufupisha jicho refu kwa mazoezi haiwezekani.

Na kuhusu kuuza miwani tu, Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2019 lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na katika hao angalau bilioni 1 ni tatizo ambalo lingezuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wao wanakosa miwani, ya kusomea kwa wingi kabisa. Kwangu mimi kumpa mtu miwani sahihi ni tiba kamili, sio biashara ya kumteka.

Fundi Saa

Nimekuelewa mkuu, hiyo ya katundu ntajaribu leo jicho kwa jicho

msomi_wa_usiku

Mi kazi yangu kompyuta masaa kumi, jioni macho yanachoma kama yana mchanga, nimeambiwa ninunue miwani ya kukata mwanga wa bluu. Ni kweli inasaidia au

Mpima Macho

Weka hela yako. Mwaka 2023 Cochrane (watu wanaokusanya na kuchambua tafiti za afya) walikusanya majaribio 17 ya hizo lenzi, kwa uchovu wa macho hawakuona faida ya maana ukilinganisha na lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi.

Mchanga unaousikia ni ukavu. Mtu akitazama skrini anapepesa macho mara chache sana kuliko kawaida, na mara nyingi kope hazifungi zote, machozi yanakauka. Shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho, feni au kiyoyozi kisikupige usoni, pepesa kwa makusudi, kila dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Matone ya machozi bandia yanasaidia, ukiyatumia zaidi ya mara nne kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi.

Na pima namba. Namba chanya ndogo au astigimatizimu ndogo ambayo mtu wa shambani haisikii, wewe wa masaa kumi itakutesa. Ukishavuka arobaini waambie umbali halisi wa kompyuta yako, kwa sababu miwani ya kusomea kitabu inatengenezwa kwa karibu zaidi ya pale skrini ilipo.

Kipanga wa Usiku

Nimerudi wakuu, nimepima. Karatasi imeandikwa OD −2.25 −0.75 × 180, OS −2.00, PD 63. Mniambie nakufa au naishi 😅

Mleta uzi

Unaishi sana. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Namba ya kwanza ni nguvu ya lenzi, ya pili ni astigimatizimu, kushoto huna, na hiyo 180 ni mlalo wake kwa nyuzi. PD ni umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita, na hakikisha wameupima wenyewe, hawakuubuni, kwa sababu kitovu cha kila lenzi kinatakiwa kikae mbele ya mboni, kikihama hasa kwa namba kubwa kichwa kitauma na utalaumu namba bure.

Ukitaka kujua unaona wapi bila miwani gawanya mita moja kwa namba. Hasi 2.00 ni nusu mita, zaidi ya hapo ukungu. Na kumbuka ulikuwa unasema ni hasi ndogo unavumilia!

Siku za kwanza sakafu inaweza kuonekana imeinama, ngazi ziko chini zaidi, hiyo ni ubongo unajifunza, mpe wiki moja au mbili. Ikizidi hapo rudi wakapime tena, na wapime na fremu inavyokukaa. Swali langu kwako, wameangalia nyuma ya macho?

Kipanga wa Usiku

Hapana mkuu, kimashine, ubao, fremu, basi. Narudi

Binti Kontakti

Jamani mbona hamjazungumzia kontakti lenzi na leza, wengine miwani hatuitaki usoni

Mpima Macho

Dada kontakti lenzi ni nzuri ukiwa na nidhamu, bila nidhamu ni hatari kuliko miwani yoyote. Maji yasiiguse, ya bomba, ya kuoga, ya bwawa, yoyote. Kuna kimelea kinaitwa akanthamoeba kinaishi kwenye maji ya kawaida, kikiingia kwenye konea maumivu yake ni makali na matibabu yanaenda miezi. Mate usitumie kabisa. Usilale nayo. Dawa ya kuhifadhia unamwaga yote unaweka mpya, huongezei juu ya ya jana, na kikopo unabadilisha kila miezi mitatu. Jicho likiuma au likiwa jekundu toa lenzi, usirudishe, nenda ukaonwe siku hiyo.

Leza inachonga konea ili mwanga utue panapotakiwa. Uwe umevuka miaka 18, namba iwe imetulia angalau mwaka, na konea ipimwe unene na umbo. Wenye konea inayochongoka mbele kama koni hawafanyiwi, itazidi, na hao wengi ni watu wanaosugua macho sana, kwa hiyo kama una mzio unaowasha tibu mzio usisugue. Leza haizuii miwani ya kusomea ukifika arobaini, na haiondoi hatari ya jicho refu. Jicho lililokuwa hasi 7 likachongwa likasoma vizuri bado ni refu, retina yake bado imevutwa, na inatakiwa kuangaliwa.

Mleta uzi

Hapo kwenye retina nisimamishe kidogo. Ukianza ghafla kuona vimulimuli kama radi pembeni mwa jicho, au vidoa vingi vyeusi vinavyoelea vimetokea kwa mkupuo, au pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni leo leo. Retina inaweza kuwa inachanika, na kabla haijabanduka sehemu ya katikati macho yanaokolewa. Haiumi hata kidogo, ndo maana watu wanalala nayo. Kidoa kimoja ulichokizoea miaka yote sio shida.

Mwalimu Mstaafu

Naomba niongezee la matone. Jicho likiwa jekundu jirani anakupa kichupa alichobakiza, unaweka, wekundu unaondoka unamshukuru.

Mpima Macho

Mwalimu umegusa penyewe. Baadhi ya vichupa vya kuondoa wekundu haraka vina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), mfano deksamethasoni, wakati mwingine imechanganywa na antibayotiki. Inatuliza kweli. Lakini kama wekundu ulisababishwa na virusi vya hapesi au fangasi inavifungulia mlango, na ukiitumia wiki hadi miezi kwa baadhi ya watu presha ya jicho inapanda kimya kimya na mtoto wa jicho anatokea kabla ya umri. Nimepokea vijana wa aina hiyo, wanatumia kichupa kile kile kwa ajili ya kuwashwa tu. Dawa yenyewe ni nzuri, ila inataka mtu anayepima presha ya jicho lako huku unaitumia.

Na kemikali ikiingia jichoni, saruji, asidi, sabuni kali, usitafute tone lolote. Maji safi mengi hapo hapo, kope zimefunguliwa, dakika 20 au zaidi, ndo hospitali.

Mama Wawili

Mrejesho. Mdogo ameonwa kwa matone, ana chanya 4.50 macho yote mawili, amepewa miwani ya kuvaa siku nzima, akivaa jicho linanyooka kweli nimeona kwa macho yangu. Wifi nimemtumia picha. Sasa nina lingine, baba mkwe ana miaka 70, alikuwa hasomi chochote bila miwani, mwaka huu amevua anasoma gazeti bila kitu, wanasema macho yamerudi ujana. Hii inawezekana?

Mpima Macho

Hongera kwa mtoto, mrudishe kila miadi.

Kwa mzee, huyo mpeleke mama. Mtoto wa jicho akianzia kwenye kiini cha lenzi lenzi inazidi kuwa nzito na kupinda mwanga zaidi, jicho linasogea upande wa hasi, kwa hiyo karibu anaona bila miwani. Muulize mbali anaonaje, na taa za magari usiku zinamtawanyikia vipi, utashangaa. Hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho hata uambiwe nini. Ni upasuaji, lenzi yenye ukungu inatolewa inawekwa ya bandia, kitu kilichoanzishwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949, na siku hizi mara nyingi ni ganzi ya jicho tu na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sio lazima aiharakishe kama bado anafanya shughuli zake.

Ila kabla ya yote apimwe sukari. Sukari ikipanda na kushuka lenzi nayo inavimba na kunywea, namba inahama wiki hadi wiki, na mtu anaweza kuanza kuona karibu vizuri kwa sababu hiyo tu. Ikikutwa iko juu ishushwe itulie kwanza ndo apimwe miwani, la sivyo mtamnunulia lenzi za wiki moja. Na akiwa pale waambie wampime presha ya jicho na waangalie mshipa, macho yote mawili.

Kipanga wa Usiku

Nimeangaliwa nyuma leo, na matone ya kutanua, sasa hivi naandika simu iko mbali na uso herufi kubwa kabisa. Retina safi. Presha kulia 17 kushoto 24, mshipa wa kushoto wamesema una shimo kubwa kuliko wa kulia, nimepangiwa kipimo cha kuona pembeni Alhamisi. Nina miaka 34. Mama yangu mdogo alikuwa kipofu ila nyumbani hatukuwahi kujua ni nini

Mleta uzi

Nenda hiyo Alhamisi bila kukosa. Kipimo kinachosha, unakodolea katikati na kubonyeza kila ukiona kinukta, pumzika vizuri kabla na usijali ukikosa vingi, vimewekwa hafifu makusudi. Wakishakipima waulize pia unene wa konea, unaathiri namba ya presha inavyosomeka. Kaka na dada zako wa damu waambie leo wakapimwe.

Kipanga wa Usiku

Tuko watano. Nawapigia sasa hivi